Mkalimani wa Meli ya Angani

Hatukumwita kwa jina. Kule Arua, katika mtaa wetu wa nyuma ya soko, ukisema Mkalimani, hata aliyehamia jana alijua unamsema nani: yule mzee mrefu mwenye shati jeupe na viatu vya jeshi vilivyong'arishwa, aliyekaa mbele ya ukumbi wa video na kipaza sauti mkononi, akigeuza Kiingereza cha picha kuwa Kiswahili chetu. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo sikuwahi kumuuliza. Nadhani angenitazama tu mpaka niombe radhi.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiligusana na ule ukumbi, ukuta mmoja wa mabati kati yetu, na kwa miaka sita nilisikia kila neno alilolisema. Wateja wa mara ya kwanza walikuwa wakichungulia nyuma yangu wakimtafuta fundi mwanamume. Yeye hakuchungulia. Siku ya kwanza aliniwekea simu yake mezani na kusema, "Fundi, hii hapana sikia mimi tena," akaenda zake kuswali. Tangu siku hiyo nilikuwa Fundi, naye kwangu alikuwa Mzee.

Ukumbi ulionyesha picha nyingi, lakini kilichotushika wote ni tamthilia moja ya mambo ya anga. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, sisi tuliiita Meli. Ilihusu watu ambao sayari yao imetekwa, wanazunguka angani na meli moja kuukuu wakitafuta njia ya kurudi kwao. Nahodha alikuwa mwanamke. Mwisho wa msimu wa pili alilazimika kumwacha mdogo wake wa kiume kwenye sayari ya vumbi jekundu, kwa sababu maadui walikuwa wamefika na meli isingeweza kungoja. Alimwambia, "Nitarudi." Kisha mlango ukafungwa.

Huko ilikotengenezwa, Meli haikuwa na watazamaji wengi. Waliobaki nayo walikuwa wachache na wakaidi, watu wa kubishana mtandaoni wiki nzima juu ya kifungo kimoja cha nguo ya nahodha. Sisi tuliwashinda kwa ukaidi. Mji wetu umejaa watu waliowahi kuikimbia nchi kwa miguu, wengine Kongo, wengine Sudan, wakakaa huko miaka, ndipo wakarudi. Hadithi ya watu wanaotafuta njia ya kwao hatukuhitaji kuelezwa.

Akiwa kazini Mkalimani hakunywa maji. Aliswali alasiri, akala muhogo wa kuchemsha na karanga za kusagwa, akaja, akavua saa yake na kuiweka mezani, na kwa saa mbili hakugusa hata chai. Alisema koo likilowa linakuwa vivu. Hakupenda kushukuriwa. Nyumbani kwake hakuwa na televisheni, na nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mpishi hali sahani zote.

Kwa nahodha alitumia sauti ya shangazi wa Koboko, shangazi asiyekohoa wala kucheka bila sababu. Roboti wa melini alimfanya askari wa zamani: "Mimi iko tayari. Wewe nasema, mimi nafanya." Watoto wa mtaa mzima waliongea hivyo wakitumwa dukani. Maadui walipokuja kuikagua meli, aliwafanya waulize, "Mzigo hii ya nani?" na ukumbi wote uliangua kicheko, maana kila mtu pale aliwahi kuulizwa hivyo na askari mahali fulani. Alijiruhusu mengi katika kuwavalisha wale watu maneno yetu. Lakini tukio lenyewe hakuligusa. Aliyekufa alikufa, aliyesaliti alisaliti.

"Nguo mimi nabadilisha," aliniambia. "Mutu, hapana."

Kilichomfanya awe yeye, hata hivyo, ni dakika kumi za kabla ya picha. Aliziita habari za jikoni, jinsi picha ilivyopikwa. Mimi nilikuwa nazisoma kwenye simu, katika kurasa za wale mashabiki wa mbali, na Jumamosi asubuhi alikuja kibandani kunihoji.

"Nani nasema hii?"

"Mashabiki, Mzee."

"Shabiki gani? Yeye naona na macho yake?"

Kama nilikuwa nimeisoma mahali pamoja tu, aliikataa. Kama ilihusu ndoa ya mwigizaji, aliikataa kabla sijamaliza. Zilizopita mikononi mwake alizisimulia kama mtu anayetoa ushahidi. Ndivyo tulivyojua kwamba ile meli kubwa ilikuwa ya mbao na plastiki, urefu wake sawa na kitanda. Tulijua kwamba vumbi jekundu lilikuwa unga uliotiwa rangi, na waigizaji walikohoa siku nne. Tulijua kwamba mwigizaji wa nahodha alivunjika mkono katika msimu wa kwanza, ikabidi wamvalishe joho la kijani kwa vipindi vinne ili kuficha plasta, kisha joho likatupwa. Mtu angedhani siri kama hizo zingetuharibia utamu. Zilituongezea. Tukijua kwamba ni mbao, tuliitazama mbao ile ikiruka, roho zetu zikiwa juu.

Ukali wake ulikuwa mbaya. Wakati fulani mwanamume mmoja mfanyabiashara wa mitumba alieneza habari kwamba yule mwigizaji wa nahodha amefariki. Wanawake walilia. Mkalimani alisimamisha picha katikati, akamtazama yule bwana, akasema, "Toka. Rudi na maiti." Alimfungia mlango mwezi mzima. Mtu mzima yule alikuja kumwomba msamaha mbele ya kibanda changu, akilia machozi kweli, naye Mkalimani akaendelea kufunga kamba za viatu.

Nilimwambia amezidisha. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa tunangoja jenereta ipate mafuta, ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani hakuwa amemweleza mtu mwingine. Wakati wa ukimbizi alikuwa mkalimani wa daktari mgeni kambini. Mama mmoja alileta mtoto. Daktari akasema, mwambie mtoto huyu hatafika kesho. Yeye alimtazama yule mama, akaogopa, akasema, "Daktari nasema tutaangalia." Mama akafurahi. Akamwacha mtoto pale, akaondoka kumfuata mumewe, mwendo wa siku mbili. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazikwa.

"Yeye hapana tukana mimi," alisema Mkalimani. "Yeye nauliza tu: 'Daktari nasema hivyo? Kweli?'"

Jenereta ikawaka, akainuka kwenda kazini.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini ile Jumamosi niliyomletea habari ya kukatwa kwa Meli, sikuamini masikio yangu.

Niliisoma zaidi ya mahali patano. Msimu wa tatu ndio wa mwisho. Kipindi cha mwisho kinamwonyesha nahodha akiigeuza meli kuelekea ile sayari nyekundu, na picha inakatika hapo hapo, giza, basi. Jikoni kulikuwa na ugomvi: mwigizaji wa yule mdogo wake aligombana nao juu ya mkataba, akaondoka, na hakuna aliyekusudia kumrudisha. Sisi tulikuwa tumebakiza vipindi viwili.

Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hii hapana soma kwa watu."

"Mzee, habari si habari?"

"Ile mama ya Manibe," akasema.

Mama wa Manibe alikuwa mjane mkulima, mzee kuliko sisi sote, aliyekuja kila Jumamosi kutoka shambani kwake Manibe, nje ya mji. Alikimbia na kaka yake walipokuwa vijana. Njiani upande wa Kongo walitawanyika, yeye akarudi baada ya miaka, kaka hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Hilo hakulisimulia, sisi tulilijua tu. Alichosema kila Jumamosi, picha ikiisha, ni swali moja kwa Mkalimani: "Sasa wanaenda chukua ile kijana lini?" Na Mkalimani alimjibu kila mara, "Bado, Mama."

"Unataka kumfanyia kama yule mama wa kambini?" nilimuuliza.

Sikuwa nimewahi kumwona akinyanyua mkono kwa hasira. Aliupiga juu ya meza yangu, skrubu zikaruka zikatawanyika chini. Kisha mzee yule akapiga magoti na kuanza kuziokota, moja moja, na akiwa pale chini, bila kunitazama, akaniambia anachotaka. Mimi nilikuwa na kompyuta. Nilijua kukata na kuunganisha picha. Katika msimu wa kwanza kulikuwa na kipindi ambacho nahodha anamkuta mdogo wake baada ya kupotezana siku moja, wanakumbatiana. Tukichukua hapo, tukachukua na meli ikitua mahali pengine, na vumbi jekundu, naye akayavalisha maneno mapya, tungepata dakika kumi na mbili.

Nilikataa. Akaendelea kuokota. Mpaka alipoiweka skrubu ya mwisho mezani, nilikuwa nimekubali, na hadi leo sijui kama nilimhurumia yeye au yule mama.

Siku ya kipindi cha mwisho mashabiki wa Koboko walikuja na magari mawili. Walikuwa na kundi lao lililoongozwa na mwalimu wa fizikia, mtu mpole mwenye miwani, anayeijua Meli kama wengine wanavyoijua Kurani. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Bati lilikuwa linawaka. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya picha. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mkalimani hakutoa habari za jikoni. Alisema tu, "Leo tunaangalia." Watu wakatazamana.

Kipindi cha kweli kikaisha. Meli ikageuka, giza likaja, na kabla hawajavuta pumzi nikabonyeza. Vumbi jekundu. Meli ikatua. Mlango ukafunguka, na nahodha akatoka mbio, na mdogo wake akatoka mbio, na Mkalimani, kwa sauti ya yule shangazi, akasema, "Mimi nasema narudi. Mimi nimerudi."

Vigelegele vilipasua masikio. Mama wa Manibe alikuwa amesimama, mikono kichwani. Watu walikuwa wanakumbatiana. Nilianza kulia mimi mwenyewe, mimi niliyeikata ile picha kwa mkono wangu.

"Simamisha!"

Alikuwa yule mwalimu wa Koboko. Alisema mara tatu ndipo watu wakamsikia. Nikasimamisha. Nahodha na mdogo wake wakabaki wameshikana ukutani.

"Mzee, na heshima yako," mwalimu akasema. "Ile joho ya kijani."

Alinyosha kidole ukutani.

"Wewe mwenyewe nafundisha sisi. Mkono navunjika, wanafunika na joho, vipindi nne tu, msimu ya kwanza, kisha wanatupa. Sasa joho inatoka wapi? Mkono navunjika tena?"

Mkalimani alinitazama. Nililiona jibu rahisi likiwa pale, na najua naye aliliona. Angesema ndiyo, umevunjika tena, habari imeingia wiki hii. Ukumbi mzima ungemwamini yeye, na mwalimu angeketi akiona aibu. Alikiweka kipaza sauti mezani. Akakichukua tena.

"Hapana," akasema. "Mkono hapana vunjika tena. Meli imekatwa. Ile kijana hapana rudi. Hii picha mimi natengeneza."

Kisha benchi likaanguka. Mtu akapiga bati kwa ngumi, wengine wakafuata, na ukumbi ukawa kama ndani ya ngoma. Yule bwana wa mitumba aliyefungiwa mwezi mzima alifika mbele wa kwanza, akamkamata Mkalimani shati. "Mimi nafukuzwa kwa maneno kidogo! Wewe nafanya nini?" Vifungo viliruka. Mkalimani hakuinua hata mkono wa kujikinga. Aliyeingia katikati ni mwalimu yule yule, miwani ikavunjwa, akawa anasukuma watu kwa mgongo huku anasema, "Acha mzee, acha mzee." Mimi nilikumbatia mashine nikiwa nimeinama. Niliogopa kwamba watamuua.

Walinyamaza kwa sababu Mama wa Manibe alikuwa anakuja mbele. Watu walimpisha. Alisimama karibu sana na Mkalimani, na alikuwa mfupi, ikabidi ainue uso.

"Wewe nafikiri mimi mtoto?" alimuuliza taratibu. "Mimi najua mutu anaweza kosa kurudi. Mimi najua kabla ya wewe. Kila Jumamosi mimi nauliza wewe, sababu wewe ndiyo mutu moja hapa anasema 'bado' kama iko bado. Sasa mimi nauliza nani?"

Akatoka. Nadhani afadhali wangempiga.

Jumatatu yake Mkalimani hakuwepo. Alikwenda Dranya, upande wa Koboko, kwenye shamba la marehemu mkewe, akalima mihogo. Ukumbi ulileta mkalimani mwingine, kijana mchangamfu anayepiga kelele, na mimi nikahamisha kibanda. Watu wengine waliacha kunisalimu kwa muda. Nilikuwa na hasira naye. Nilijiambia alinitumia, kisha akakimbia na kuniachia mtaa.

Miaka miwili ikapita. Siku moja mwalimu wa Koboko aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka, na tulipokuwa tunazungumza akasema, kwa haya, "Fundi, iko habari." Mwandishi wa Meli, baada ya kuombwa na mashabiki wake miaka yote ile, alikuwa amewaachia wasome kipindi ambacho hakikupigwa picha. Maandishi tu, kurasa thelathini na kitu. Niliyasoma usiku na mchana. Niliyatafuta mahali patatu tofauti, yakawa yale yale neno kwa neno. Kisha nikayachapisha kwenye karatasi na nikaenda Dranya.

Nilimkuta ameinama kwenye matuta. Alikuwa amekonda, na viatu vya jeshi vilikuwa na matope. Hakushangaa wala hakufurahi. Aliketi juu ya tuta akasoma kurasa zote, jua likiwa juu ya kichwa chake, na mimi nilisimama kwa sababu hakunikaribisha. Hasira niliyoibeba kutoka Arua nilikuwa nayo bado. Nilitaka anisemeshe jambo. Alipomaliza, alisema, "Wewe nakuja na gari?"

"Gari ya abiria, Mzee."

"Ngoja. Mimi nanawa."

Njiani kwenda Manibe alisema mara moja tu. Alisema, "Fundi, mimi nachafua mikono yako. Mimi najua." Kisha akatazama dirishani hadi tuliposhuka, na hasira yangu sikuiona tena nilipoitafuta.

Mama wa Manibe alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alituona tangu tulipoingia kwenye njia, akaendelea kuchambua. Tulisalimu. Aliitikia kama mtu anayeitikia wapita njia. Mkalimani alisimama mbele yake na zile karatasi, na niliona jasho likiteremka nyuma ya shingo yake.

"Mama, hii ndiyo iliandikwa na wenyewe," akasema. "Kama iko mbaya, iko mbaya. Mimi hapana badilisha. Ukikataa, mimi naenda."

Mama aliokota kokoto, akaitupa.

"Soma."

Alisoma akiwa wima, na hakutumia sauti ya shangazi wala ya askari. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ambayo sikuwahi kuisikia ikisema maneno ya Meli. Nahodha anafika kwenye sayari nyekundu. Kwake imepita miaka mitatu, lakini kule muda unakwenda mbio, na mdogo wake sasa ni mzee kuliko yeye. Ana mke, ana watoto, ana shamba kwenye lile vumbi. Anamfurahia dada yake, anamlisha. Lakini kupanda meli anakataa. Nahodha anakaa kwake siku tatu, kisha anaondoka peke yake. Wanaagana mlangoni mwa nyumba ya kaka, si mlangoni mwa meli.

Mkalimani akazishusha karatasi. Maharage yalikuwa yametulia kwenye ungo.

"Watoto yake iko ngapi?" Mama akauliza.

Mkalimani alirudi kwenye karatasi. Alifunua ukurasa, akarudisha mwingine, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Mimi nilijua idadi haimo. Nilimtazama kinywa chake na nikashikwa na hofu ile ile ya ukumbini.

"Karatasi hapana sema, Mama."

"Hapana sema?"

"Hapana."

Mama alitazama mbali, upande ambao mashamba yanateremka kuelekea Kongo. Akatingisha ungo kidogo.

"Nne," akasema. "Wanaume mbili, wanawake mbili. Mimi naona hivyo."

Mkalimani alizikunja zile karatasi, akachuchumaa chini mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Ile mukubwa, Mama," akamuuliza, "jina yake nani?"

Mama akalitaja. Kisha akataja la pili, na la tatu, pole pole, na Mkalimani akawa anasikiliza.